Ng'ombe Aliyebebeshwa Dunia Upande Mmoja

Lori lilikuwa limeshavuka daraja na kuuacha mji nyuma, na mimi nimeshapata pa kuegemeza mgongo kwenye gogo la mvule, ndipo nikaona kwamba mama aliyekaa mkabala nami amefungwa karatasi kwenye kifundo cha mkono, kama mbuzi wa mnada.

"Mama, hiyo nini?" nikamuuliza.

"Mimi amana," akasema, akaendelea kusuka ukili wake.

Mumewe alikuwa amekaa juu ya sanduku la patasi, akanifafanulia mara moja, maana alikuwa mtu wa maelezo. Yeye ni Fundi Shaali, mchonga mbao. Ameitwa makao makuu kwa kazi ya serikali. Na katika nchi ile, fundi akipewa kazi ya serikali huweka amana mtu mmoja wa nyumbani kwake, ofisini, mpaka kazi iishe na ipate cheti. Asipoweka mtu, serikali itajuaje kwamba ana nia njema?

"Na kazi yenyewe ya muda gani?"

"Miezi minne," akasema Shaali.

"Mitatu," akasema mkewe. "Ukiacha soga."

Mkewe aliitwa Bi Mize. Nchi yao sitaitaja. Ina jina, tena zuri tu, lakini kulitaja umekaa ni kosa na kulitaja umesimama ni kosa jingine, na mimi kwa umri huu siwezi kuandika nikiwa nimechuchumaa. Lori lile nililipanda kwa sababu lilikuwa linaondoka.

Njiani Shaali akanieleza kazi aliyoitiwa. Watu wa nchi ile wanaamini, au walikuwa wakiamini kabla jambo hilo halijaundiwa kamati, kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe. Ng'ombe amesimama juu ya samaki. Samaki yumo majini. Maji yamekaa juu ya giza, na giza limekaa juu ya nini haiulizwi, ni utovu wa adabu. Mbele ya jicho la ng'ombe yupo mbu. Ng'ombe akiwaza kujitikisa, mbu humwonyesha mwiba, na ng'ombe huahirisha.

Kila mlango wa nyumba ya ibada kule una picha hiyo, imechongwa kwenye mbao. Dunia yenyewe ni tufe dogo lisilogongomelewa. Mwaka ukiisha, mama mmoja mtu mzima wa mtaa hulinyanyua tufe kutoka pembe hii, akaliweka pembe ile, kwa sababu ng'ombe naye ni kiumbe, upande mmoja utamchosha. Akilihamisha humwambia, "Pole na mzigo." Waliosimama nyuma humjibia ng'ombe, "Nishapoa." Kisha watu huenda kula.

"Mtaani kwetu anayehamisha ni huyu," akasema Shaali, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mwaka wa sita."

"Wa saba."

"Na safari hii watataka ng'ombe mkubwa," Shaali akaniambia. "Wa uwanjani. Kichwa chake kitatoka kwenye gogo hilo uliloegemea."

Nikalipapasa gogo. Lilikuwa gogo zuri, halina fundo.

*

Ofisi ya Amana za Watu ni jengo refu lenye madirisha madogo. Tulipokewa na Karani Msabaha, kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni, zote nyekundu.

"Amana ya aina gani?"

"Mke," akasema Shaali.

"Mpya au iliyotumika?"

"Tuna miaka thelathini na mmoja."

Karani akaandika kwamba imetumika. "Ina kasoro?"

"Goti la kushoto. Mvua zikikaribia."

"Mwanangu," Bi Mize akamwambia karani, "vifungo vya shati umevikosea."

Karani akajitazama, akavifungua, akavifunga upya, kisha akaandika kasoro ya pili: inasema.

Tukasomewa masharti. Mwenye amana ataruhusiwa kuikagua kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, kupitia dirishani, bila maneno, kwa kuwa maneno huichakaza. Amana haipewi habari za nje, kwa kuwa habari huipandisha joto. Shaali akauliza, je, amana ikipotea?

"Haipotei," akasema Karani. "Ikipotea utaandikiwa barua kwamba haijapotea."

Wakaagana pale pale mezani, mimi nikijifanya naangalia ukuta.

"Ule," akasema Bi Mize. "Si kila siku mkate mkavu."

"Nitakula."

"Na usibishane nao."

"Mimi sibishani."

"Haya, umeshaanza."

Akaingia ndani na ukili wake chini ya kwapa. Ukili ukarudishwa nje baada ya dakika mbili, kwa sababu haukuwa umeandikishwa.

*

Mimi nikaajiriwa kushika ngazi. Nilikuwa nimesimama karibu nayo, ndiyo sifa niliyokuwa nayo, na katika nchi ile ni sifa kubwa.

Siku ya pili tukaitwa mbele ya Kamati ya Taifa ya Mpangilio wa Ulimwengu. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Lugome, profesa wa somo lililokwisha kufutwa, naye alizungumza taratibu sana ili wanaoandika wamfikie.

"Ndugu Fundi," akasema, "wazee wetu walibeba ulimwengu milangoni, na tunawashukuru kwa juhudi zao ndogo. Sasa taifa limekua. Taifa linahitaji ulimwengu wa mita ishirini na tano, unaoonekana katika hali zote za hewa."

Shaali akatandaza mchoro wake mezani. Kamati ikainama juu yake, vichwa kumi na saba.

"Juu ya dunia yupo nani?" akauliza Profesa.

"Hakuna mtu, Profesa. Juu ni mbingu."

Profesa akalirudia neno lile pole pole, kama daktari anayesikiliza kifua. "Juu hakuna mtu. Katibu, andika. Fundi anadai kwamba juu hakuna mtu."

Nikamwona Shaali anatazama dirishani, upande wa lile jengo refu.

"Nilikuwa sijamaliza," akasema. "Juu ya dunia yupo Mlezi Mkuu."

Mlezi Mkuu ndiye kiongozi wa nchi ile. Alikuwa amewalea miaka ishirini na minane na walikuwa hawajakua.

Baada ya hapo kazi ikaenda haraka, kwa sababu kila waziri alitaka kujua amekaa wapi ulimwenguni. Waziri wa Uvuvi akapewa samaki. Waziri wa Maji akapewa maji, akaahidi bwawa lililojaa chini ya tumbo la samaki. Ugomvi ukawa kwenye giza. Waziri wa Nishati alisema giza ni lake kwa haki ya kazi. Waziri wa Habari akasema yeye amelihudumia kwa miaka mingi zaidi. Wakapatanishwa: Nishati akachukua giza la usiku na Habari giza la mchana.

Mtu mmoja wa pembeni akauliza, "Na ng'ombe ni nani?"

Hapakuwa na waziri aliyemtaka.

"Ng'ombe ni wananchi," akasema Profesa, na wakatoka kwenda kunywa chai.

*

Tukaanza kuchonga. Katika picha za zamani, ng'ombe wa dunia ametoa ulimi kidogo, kwa sababu ya uzito. Shaali akauchonga ulimi, na alikuwa mtu wa mkono mzuri, ukiuona ulimi ule ulitamani kuuletea maji. Kamati ikaja, ikautazama, ikauondoa. Ng'ombe wa taifa hachoki. Ng'ombe wa taifa atatabasamu, na meno yote yaonekane.

"Ya chini nitayaonyesha," akasema Shaali. "Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu."

"Nani kasema?"

"Ng'ombe."

Wakaleta ng'ombe kutoka machinjioni kwa ajili ya uthibitisho. Akafunguliwa kinywa mbele ya Kamati, akakutwa hana. Profesa akasema huyo si mfano mzuri wa ng'ombe. Akaletwa wa pili, naye hana. Wa tatu alipokutwa hana, ikaamuliwa kwamba upungufu huo umeenea nchi nzima, na kwamba sanamu itachongwa meno ya juu ili ng'ombe wapate pa kujifunzia. Mchungaji aliyemleta yule wa tatu akafungwa miezi mitatu kwa kuwa alikuwa anajua. Ng'ombe wote watatu waliliwa na Kamati siku ya Jumatano.

Wiki hiyo hiyo ukatoka waraka. Kumwambia ng'ombe pole ni kudai kwamba kuna mzigo. Kuanzia tarehe ya waraka, mwananchi atakayepita mbele ya ng'ombe wa aina yoyote, wa mbao au wa nyama, atamwambia "Hongera," na ng'ombe atajibiwa na ofisa aliyeidhinishwa.

Jumanne ya ukaguzi tulikwenda Ofisi ya Amana. Mimi nilisimama nyuma ya Shaali. Bi Mize akaletwa dirishani, akatutazama. Amepungua mashavu. Kwa kuwa maneno yalikatazwa, Shaali akamweleza habari kwa mikono: akatengeneza pembe kichwani, akafungua kinywa, akaonyesha meno ya juu kwa kidole, kisha akaonyesha Kamati nzima inachungulia. Bi Mize akacheka.

Karani Msabaha akaandika: imetoa sauti. Ukaguzi wa miezi mitano iliyofuata ukafutwa.

Huo ulikuwa mwezi wa tano wa kazi.

*

Hapo ndipo aliposhughulikiwa mbu.

Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Bakunda, ndiye mwenye polisi, magereza na wale watu wanaokaa kwenye mikahawa wakisoma gazeti lile lile siku nzima. Kwa kuchelewa kufika kikaoni alikuta nafasi zote za ulimwengu zimegawiwa, isipokuwa ya mbu.

"Mimi mbu?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ndiyo maana watu waliiogopa.

Profesa akasimama. "Mheshimiwa, tutafakari. Ng'ombe ana nguvu kuliko sisi sote. Akijitikisa mara moja, dunia inamwagika, na kila kilicho juu yake, kila aliye juu yake. Kwa nini hajitikisi? Si kwa ajili ya samaki. Si kwa ajili ya maji. Ni kwa ajili ya mwiba mmoja mdogo mbele ya jicho lake."

Mheshimiwa Bakunda akaomba kumwona mbu wake.

Shaali akamtoa mfukoni. Alikuwa amemchonga kwa mti wa mpingo, ukubwa wa kidole gumba, kila mguu na kiungo chake.

"Mdogo," akasema Waziri.

"Mbu ni mdogo, Mheshimiwa."

"Mbu wa nani?"

Shaali akamrudisha mbu mfukoni.

"Mbu wangu ataonekana toka uwanja wa ndege," akasema Waziri.

Akatengenezwa upya, mkubwa kama mbwa. Waziri akaja, akatikisa kichwa. Akatengenezwa mkubwa kama ndama. Hapo Waziri akaitoa kazi kwa fundi wa mbao na kuipeleka karakana ya jeshi, na baada ya majuma sita mbu akaletwa juu ya tela la magurudumu kumi na mbili. Alikuwa wa chuma kitupu. Alikizidi kichwa cha ng'ombe kwa ukubwa. Wakamfunga kwa nati upande wa kulia wa uso, na tangu siku ile ng'ombe wetu mwenye meno ya juu akawa anatabasamu huku amekodoa jicho moja.

Shaali akalizunguka jukwaa la ngazi mara tatu. Kisha akaenda kwa Profesa, na mimi nikaenda naye, kwa sababu ngazi haikuwa na kazi wakati huo.

"Profesa, mbu amekaa kulia. Naomba dunia ikae pembe ya kushoto, kichwa kipate mizani. Na isigongomelewe. Ikifika mwisho wa mwaka ihamishwe, kama desturi. Nimeshatengeneza winchi."

"Ndugu Fundi, juu ya dunia amekaa nani?"

"Mlezi Mkuu."

"Unapendekeza Mlezi Mkuu ahamishwe?"

"Tufe, Profesa. Tufe ndilo linalohama."

"Na yeye yuko juu yake. Unapendekeza Mlezi Mkuu, kila mwaka, kwa winchi, mbele ya watu, atolewe alipo na awekwe upande wa kushoto?"

"Shingo itavunjika," akasema Shaali. "Huyu ng'ombe ni wa mbao."

"Suala la shingo tulilijadili," akasema Profesa kwa upole. "Tukalipitisha."

Dunia ikawekwa pembe ya kulia. Ikafungwa kwa vyuma, ikamiminiwa saruji. Juu yake akakaa Mlezi Mkuu wa shaba, mkono mmoja ameunyoosha mbele, kama mtu anayeangalia kama mvua imeanza.

*

Mwezi wa kumi na moja Shaali aliruhusiwa tena kukagua. Bi Mize aliletwa dirishani na mtu amemshika kiwiko. Kichwa kilikuwa kimeota mvi chote, na goti lilikuwa limeliambukiza lenzake. Safari hii Shaali hakufanya mzaha. Alisimama tu, na yeye akasimama, mpaka muda ukaisha. Ukutani nikasoma kadi yake: uchakavu wa kawaida.

Siku tisa kabla ya ufunguzi, Shaali akaniita juu ya jukwaa. Nyuma ya sikio la ng'ombe, pale shingo inapoanza, palikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba, unaingia ukucha tu. Akaniambia nitege sikio. Mvule ulikuwa unaongea ndani kwa ndani, sauti kama ya mtu anayetafuna muwa chumba cha pili.

"Utawaambia?" nikamuuliza.

"Nikiwaambia, cheti hakuna. Cheti kisipokuwepo, Mize hatoki." Akalipapasa sikio la ng'ombe. "Umemwona. Hamalizi mwaka mwingine mle ndani."

"Na usipowaambia?"

"Cheti wanatoa asubuhi ya ufunguzi. Namchukua, tunaondoka saa ile ile."

"Na watakaokaa chini yake?"

"Chini yake wanakaa mawaziri, mzee mwenzangu. Wamejipanga wenyewe, tena wamegombania."

Nikamshikia ngazi. Akayeyusha nta, akachanganya na vumbi la mvule, akauziba ufa kwa kisu cha kupakia siagi, akapaka rangi, akapulizia vumbi. Ilikuwa kazi safi sana. Mimi niliyeuona ufa nikautafuta nisiupate.

Profesa akaja kukagua, akagonga shingo kwa fimbo, akasema, "Imara."

*

Asubuhi ya ufunguzi Shaali alipewa cheti chenye mihuri minne. Alikimbia nacho, na mimi nyuma yake kwa mwendo wangu, mpaka Ofisi ya Amana. Karani Msabaha akakisoma cheti mbele na nyuma.

"Kiko sawa," akasema. "Lakini amana hazipo. Zimetoka."

"Zimetoka kwenda wapi?"

"Zimeazimwa na Wizara ya Maji."

Ikabidi tuelezwe, na tukaelezwa bila haraka. Waziri wa Maji alikuwa amejenga bwawa chini ya samaki kama alivyoahidi, ila mji mzima haukuwa na maji tangu mwaka juzi, na bwawa lilikuwa kavu. Ulimwengu usingeweza kufunguliwa bila maji. Ndipo akakumbuka kwamba serikali ina watu arobaini na watatu wamekaa bure. Wamefungwa shuka za buluu, wamelazwa bwawani, na wamefundishwa kupunga mikono taratibu.

"Na mawaziri?" akauliza Shaali. "Si walikuwa wakae pale chini?"

"Pana jua. Wamehamishiwa kivulini, upande wa pili wa uwanja."

Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akikimbia vile. Nilipofika uwanjani alikuwa ameshamshika Profesa Lugome mkono, nyuma ya bendi.

"Profesa, kuna ufa shingoni."

"Kwenye cheti hakuna."

"Niliuziba mimi. Kwa nta."

"Basi umezibwa."

"Itaanguka. Isikilize."

Profesa akasikiliza, lakini aliisikiliza bendi. "Ndugu Fundi, nikusaidie," akasema. "Kasoro kabla ya cheti ni uzembe, na muda wake umepita. Kasoro baada ya cheti haipo katika kanuni. Kitu pekee kinachoweza kusimamisha sherehe hii ni hujuma. Je, kuna hujuma?"

Shaali akatazama bwawani. Shuka zilikuwa zinapanda na kushuka. Kutoka pale tulipokuwa hukuweza kujua nani ni nani, wote walikuwa maji.

"Ipo," akasema.

Akapanda jukwaa la hotuba, akasogea kwenye kipaza sauti. Mlezi Mkuu alikuwa katikati ya neno.

"Mimi Shaali, fundi," akasema, "nimemhujumu ng'ombe huyu kwa makusudi. Ataanguka sasa hivi. Watoeni watu."

Mheshimiwa Bakunda, aliyekuwa anasinzia kivulini, akafumbua macho na uso wake ukanawiri. Ufa haukuwa na wizara. Hujuma ilikuwa yake.

Wakamkamata Shaali. Kisha wakaanza kuwatoa watu, kwa utaratibu, na utaratibu ulikuwa ule wa ulimwengu wenyewe: kutoka juu kwenda chini. Akatoka Mlezi Mkuu, kwa wimbo wa taifa, beti zote. Wakafuata walio karibu na Mlezi Mkuu, kwa kadiri ya ukaribu. Likatolewa zulia, kwa kuwa alikuwa amelikanyaga. Kisha wa mbu. Kisha wa samaki, ambao walikuwa mbali kabisa na hatari lakini zamu yao ilikuwa imefika. Huku nyuma mvule ukaacha kutafuna ukaanza kulia.

Shaali alikuwa amelazwa kifudifudi na askari wawili. Akainua kichwa. "Mize," akaita. "Toka hapo."

Katikati ya maji mtu mmoja akaketi.

"Shaali?"

"Toka, Mize. Usiulize."

Bi Mize akainuka, akashika kingo za bwawa. Nikamsikia anawaambia waliolala pembeni yake, "Inukeni nyie, huyu hasemi ovyo." Mwanamke mmoja akamjibu, bila kuacha kupunga mkono, kwamba maji hayainuki bila amri, wao wamefundishwa. Bi Mize akamvuta yule kwa shuka, akamburuta mpaka nje ya ukingo. Wengine waligeuza shingo wakawatazama. Hakuna aliyekuwa ameitwa kwa jina lake.

Shingo ikakatika. Kichwa kilishuka na dunia, na mbu, na Mlezi Mkuu wa shaba amenyoosha mkono, vyote pamoja, bwawani.

Waliokufa walikuwa kumi na wanne. Taarifa ya jioni ilisema kwamba kina cha maji kimepungua kidogo.

*

Tume iliundwa, ikagundua kwamba ng'ombe alianguka kwa sababu ya kauli ya fundi, maana kabla ya kauli alikuwa amesimama.

Profesa Lugome alifanywa Waziri wa Ulimwengu. Ripoti yake ya kwanza inasema kwamba ng'ombe hakuwa wa lazima.

Mbu hakupata hata mkwaruzo. Aliinuliwa, akasafishwa, akasimamishwa peke yake katikati ya uwanja, na wanafunzi hupelekwa kumtazama. Mheshimiwa Bakunda humtembelea Ijumaa.

Mlezi Mkuu bado anawalea. Sanamu yake ilipoteza pua, na tangu hapo picha zake zote huchorwa bila pua ili zisitofautiane.

Karani Msabaha aliandikiwa barua ya onyo kwa upungufu wa amana kumi na nne. Alijitetea kwamba zilikuwa zimeazimwa, akasamehewa.

Desturi ya kuhamisha tufe milangoni imepigwa marufuku. Matufe yamegongomelewa yote, kwa misumari ya inchi sita.

Fundi Shaali alihukumiwa Jumatatu, akanyongwa Alhamisi. Hakimu alimuuliza kama ana neno la mwisho. Alisema yale meno ya juu si yake, yaandikwe hivyo. Hayakuandikwa.

Yule mwanamke aliyevutwa kwa shuka aliachiwa, kwa kuwa alivutwa. Bi Mize alishitakiwa kwa kosa la maji kutoka mahali pake bila amri, akapewa miaka mitatu. Alipoimaliza, ikaonekana kwamba mwenye amana alivunja mkataba, kwa hiyo amana ni mali ya serikali moja kwa moja. Amepewa fagio na kazi ya kufagia uwanja.

Nilipita pale mwaka mmoja baada ya yeye kupewa fagio. Alinitambua, akaniamkia. Amana hazipewi habari, na askari alikuwa amesimama karibu. Bi Mize akaniuliza kama Shaali hajambo. Nikamwambia hajambo. Akashukuru, akaendelea kufagia.